Kitufe Kinachokula Neno: Somo la Waongoza Ndege kwa Askari Mwenye Simu ya Upepo

Miongoni mwa zana zote anazokabidhiwa askari anapoingia zamu, kitufe cha kusemea cha simu ya upepo ni kidogo kuliko zote, wala hakipewi heshima kinayostahili. Bunduki husafishwa na kukaguliwa, risasi huhesabiwa na kutiwa sahihi kitabuni, buti hupigwa rangi. Kitufe hubonyezwa tu. Kikilegea hufungwa kwa utepe. Kikikwama hupigwa ngumi. Na hedifoni ikianza kuvuma au kukwaruza, mwenyewe huisogeza kando ya sikio akaendelea na kazi yake kama kwamba halikutokea jambo.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba kitufe hicho kinaweza kuigeuza taarifa nzima ikawa kinyume chake, na kwamba kelele za hedifoni si udhia wa kuvumiliwa bali ni habari ya kusikilizwa. Walimu wetu ni waongoza ndege, watu ambao riziki yao yote imo katika hedifoni na kitufe. Somo hili wao na marubani wamekwisha kulilipia kwa roho za watu, na hapana haja askari wetu walilipie mara ya pili.

RWEKUBO NA MAWIMBI YA ANGANI

Tuchukue mfano wa Rwekubo, upande wa Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda. Mahali hapa pamo katika wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2005, nayo ni nchi ya vilima na mabonde. Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Rwanda, na hivi leo yanakaliwa na watu zaidi ya 100,000 kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Penye lugha nyingi namna hiyo, Kiswahili hubeba mzigo mkubwa. Aidha, Kiswahili ni lugha ya jeshi na polisi nchini Uganda tangu enzi za King's African Rifles, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi hiyo. Basi agizo linalopita hewani kutoka kituo kimoja hadi kingine katika sehemu hizo huenda likasemwa kwa Kiswahili, na jambo hilo lina uzito wake kama tutakavyoona.

Juu ya vilima hivyo hupita pia mawimbi ya namna nyingine. Ndege iliyo angani juu ya Isingiro, kwenye kimo cha futi 30,000, yaweza kusemezana moja kwa moja na Entebbe, umbali wa kama kilomita 200. Polisi aliye bondeni chini ya ndege hiyohiyo huenda asisikike hata upande wa pili wa kilima. Sababu ni kwamba mawimbi ya VHF, ambayo hutumiwa na ndege na pia na simu nyingi za upepo za askari, husafiri karibu kama mwanga: penye kizuizi hayapiti. Rubani yuko juu, anaona mbali. Polisi yuko bondeni, kilima kimemziba.

Hata hivyo rubani na polisi wanatawaliwa na sheria moja. Njia yao ya maneno ni moja, nayo hupitisha msemaji mmoja kwa wakati. Tena, yule anayebonyeza kitufe huwa kiziwi papo hapo, kwa kuwa redio yake huacha kupokea ili iweze kutuma. Katika simu ya nyumbani watu wawili waweza kukatizana maneno na bado wakaelewana. Katika simu ya upepo anayekatiza hajui kwamba amekatiza, na anayekatizwa hajui kwamba hakusikika.

NENO LINALOLIWA

Kitufe kinapobonyezwa, redio haiamki mara moja. Mtambo wa kutumia mawimbi huhitaji nukta ya muda ili uwake; redio ya mpokeaji nayo huhitaji nukta ya muda ili itambue kwamba kuna sauti na kufungua spika yake. Iwapo maneno yanapitia mtambo wa kurushia uliowekwa kilimani, basi nao utadai sehemu yake. Zikijumlishwa, nukta hizo zaweza kufikia nusu ya sekunde au kuzidi. Msemaji mwenye haraka, anayebonyeza na kunena kwa pamoja, huwa amekwisha kutamka silabi moja au mbili ambazo hazikwenda popote.

Hasara ya silabi hizo haifanani katika lugha zote. Katika Kiswahili ukanushi hukaa mlangoni mwa neno. Silabi moja ya kwanza ndiyo inayotenganisha ndiyo na siyo, na silabi hiyo ndiyo kitufe huanza kuila. Tuyatazame maneno ambayo askari huyasema kila siku. "Hawana silaha" likikatwa kichwa husikika "wana silaha." "Hatuna majeruhi" huwa "tuna majeruhi." "Hawapo darajani" huwa "wapo darajani." Amri ya "msifungue kizuizi" ikipoteza mwanzo wake hubaki "fungue kizuizi," na askari aliyeko kizuizini usiku wa mvua hataketi kuichambua sarufi, atafungua. Hesabu nazo hazisalimiki: "kumi na nane" hubaki "nane," na "nane" yenyewe ikiliwa mwanzo huweza kudhaniwa "nne."

Natuseme, kwa mfano tu, kwamba doria iliyo kwenye njia ya Nakivale imekuta usiku kundi la watu wakitembea na mizigo. Kiongozi wa doria anaona wazi kwamba ni familia zenye watoto. Anabonyeza na kusema kwa mkupuo mmoja: "Hawana silaha, wanakuja barabarani." Kikosi kilicho mbele kinasikia: "Wana silaha, wanakuja barabarani." Hakuna aliyesema uongo, wala hakuna aliyezembea kusikiliza. Silabi moja imepotea, na bunduki zimekwisha kuelekezwa kwa watoto.

Dawa ya ugonjwa huu haina gharama. Ya kwanza ni kubonyeza, kuvuta pumzi moja, ndipo kusema. Ya pili ni kuanza na jina la unayemwita, kisha jina lako mwenyewe, na habari yenyewe ikafuata nyuma. Majina yakiliwa kidogo hayaui mtu. Ya tatu ni kutoliacha jambo zito litegemee silabi moja ya ukanushi. Badala ya kusema "hawana silaha" na kunyamaza, msemaji na aongeze: "Mikono mitupu, narudia, mikono mitupu." Ya nne ni kutaja hesabu tarakimu moja moja: moja, nane.

NAIROBI, SEPTEMBA 1974

Pengine yupo atakayesema kwamba haya ni mambo ya askari wageni kazini, na kwamba mtu mzoefu hawezi kukosea tarakimu. Historia ya anga ya Afrika Mashariki inamjibu.

Tarehe 3 Septemba 1974 ndege ya British Airways ya aina ya Boeing 747 ilikuwa ikikaribia kutua katika uwanja wa Embakasi, Nairobi. Mwongoza ndege aliiruhusu ishuke hadi futi 7,500, akizitaja tarakimu moja moja kama ilivyo desturi: saba, tano, sifuri, sifuri. Marubani walielewa: tano, sifuri, sifuri, sifuri. Uwanja wenyewe wa Nairobi uko kwenye kimo cha kama futi 5,300 kutoka usawa wa bahari. Maana yake ni kwamba marubani walikuwa wakishuka kuelekea kimo kilicho chini ya ardhi, na kosa hilo halikunaswa kwa wakati. Ndege ilipotoka mawinguni walioiendesha waliiona nchi imewakaribia, wakaipandisha kwa nguvu. Uchunguzi ulionyesha kwamba ilikuwa imebakiza futi zipatazo 70 tu kugusa ardhi. Ilitua baadaye salama, na hakufa mtu.

Hatusemi kwamba kitufe ndicho kilichokosea siku ile. Tunasema kwamba watu waliokuwa ndani ya ndege hiyo walikuwa mahodari wa kazi yao, na bado tarakimu zilibadilika katika masikio yao. Ndiyo maana kanuni ya anga inamtaka rubani arudie kwa kinywa chake kimo alichopewa, na inamtaka mwongoza ndege asikilize marudio hayo kwa makini kama alivyotoa agizo lenyewe. Kurudia agizo si kumwonyesha mkubwa kwamba umemtii. Ni kumpa nafasi ya kukusahihisha. Askari anayejibu "nimepata, afande" bila kutaja alichokipata amemnyima mkubwa wake nafasi hiyo.

MLUZI WA TENERIFE

Kisa cha pili kilitokea mbali nasi, lakini hakuna mwongoza ndege duniani asiyekijua. Tarehe 27 Machi 1977 bomu lililipuka katika uwanja wa ndege wa Gran Canaria, katika visiwa vya Kanari vya Hispania, na ndege nyingi zikaelekezwa kwenye uwanja mdogo wa Los Rodeos katika kisiwa jirani cha Tenerife. Alasiri ukungu ukashuka. Boeing 747 ya KLM ilikuwa imekwisha kujipanga mwanzoni mwa njia ya kurukia. Boeing 747 ya Pan Am ilikuwa bado inatembea juu ya njia hiyohiyo. Mnara haukuona hata moja kati ya hizo, nazo hazikuonana. Kilichobaki ni redio peke yake.

Rubani msaidizi wa KLM alisema maneno yasiyo wazi, yenye maana kwamba sasa wako katika kuruka. Mwongoza ndege akajibu "sawa," akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwamba wasubiri, atawaita. Katika nukta hiyohiyo rubani wa Pan Am, akihofia walichokisikia, alibonyeza kitufe chake akatangaza kwamba wao bado wamo njiani. Maneno mawili hayo, ambayo lolote kati yake lingetosha kuisimamisha KLM, yalikutana hewani. Katika chumba cha marubani wa KLM neno "sawa" lilifika safi. Baada yake ukaja mluzi mkali wa sekunde chache. Mhandisi wa ndege alisikia maneno yaliyofuata, akauliza iwapo ile ya Pan Am haijatoka njiani. Nahodha akajibu kwamba imetoka. Watu 583 walikufa. Waliookoka walikuwa 61, wote wa Pan Am. Mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi kuliko hiyo.

Mluzi ule ulitoka wapi? Redio za ndege hutumia mfumo wa AM. Redio mbili zinapotuma pamoja katika mfumo huo, mawimbi yao hayalingani kabisa, na ile tofauti ndogo iliyo baina yao husikika kama mluzi. Mluzi ni kero kwa masikio, lakini nao unasema jambo: watu wawili wamesema kwa wakati mmoja, na kuna ujumbe uliopotea. Baada ya Tenerife lugha ya redioni ilikazwa zaidi. Neno la Kiingereza la kuruka likawekewa mipaka, lisitamkwe ila pale ruhusa yenyewe ya kuruka inapotolewa au inapofutwa, na neno "sawa" likakoma kutosha kuwa jibu.

Hapa askari yafaa azinduke, kwa sababu hali yake ni mbaya zaidi kuliko ya rubani. Simu nyingi za upepo za nchi kavu hutumia mfumo wa FM, na katika mfumo huo mwenye nguvu humfunika dhaifu kabisa. Hakuna mluzi. Afisa aliye karibu na kituo akisema pamoja na askari aliye mbali bondeni, kituo kitamsikia afisa kwa ufasaha na hakitajua kwamba kuna mwingine aliyeita. Zaidi ya hayo, katika nchi ya vilima kama Isingiro, doria mbili zilizo katika mabonde mawili hazisikiani, ingawa kituo kilicho juu kinazisikia zote. Kila moja husikiliza kwanza kama inavyopasa, huona njia ni nyeupe, hubonyeza, na zote mbili hugongana.

Kwa hiyo kanuni ya "sikiliza kabla ya kusema" ni ya lazima lakini haitoshi. Opereta wa kituo ndiye mwenye masikio mapana kuliko wote, na ni wajibu wake kupanga foleni: amwambie huyu asubiri, amwite yule aseme. Naye aliyeita asipojibiwa asijitie moyo kwamba amesikika. Kimya si jibu.

KITUFE KILICHOKWAMA

Upo msiba mwingine, nao ni wa kitufe kisichorudi. Springi imechoka, au vumbi limeingia, au simu imekaliwa garini, na njia nzima imezibwa na mtu mmoja asiyejua. Wenzake wote wanasikia ngurumo ya injini na maongezi yake na dereva. Yeye hasikii kitu, hata wanapompigia kelele waziwazi, kwa maana redio inayotuma haipokei. Redio nyingi za leo zimewekewa saa ya ndani inayokata utumaji baada ya muda fulani. Kinga hiyo ni nzuri, lakini si kila redio inayo, na si kila aliyeikabidhiwa amehakikisha kwamba imewashwa.

Waongoza ndege huwa na njia ya pili iliyoandaliwa kabla ya shida, na kila ndege inajua kwamba wimbi la 121.5 ni la dharura. Kikosi nacho kiwe kimekwisha kukubaliana, kabla ya kutoka, kwamba njia ya kwanza ikizibwa wote wahamie ya pili bila kungoja kuambiwa, kwa sababu njia ya kuwaambia ndiyo iliyozibwa. Tena jambo jepesi zaidi: mtu akiona redio yake imenyamaza kupita kiasi katika zamu yenye shughuli, na atazame kidole chake na kitufe chake kwanza.

KILA KELELE INA JINA LAKE

Sasa tuje kwenye kelele za hedifoni. Mwenye masikio yaliyofunzwa huzitambua kama fundi atambuavyo injini. Mvumo mzito usiobadilika mara nyingi hutoka katika umeme wa ukutani, na husema kwamba waya wa ardhini au kifaa cha kuchajia kina kasoro. Mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini ya gari hutoka katika jenereta ya gari hilo. Mkwaruzo unaokuja pale tu unapogeuza shingo ni waya uliokatika ndani ya ngozi yake, au plagi iliyoshika kutu. Mpigo wa haraka haraka usio na neno huweza kuwa ni wa simu ya mkononi iliyowekwa karibu mno na redio. Kipaza sauti kilicho karibu na maikrofoni iliyo wazi hupiga ukelele. Na yule anayekosa kuisikia sauti yake mwenyewe masikioni, ilhali kwa kawaida huisikia, yafaa ashuku kwamba hakuna anayemsikia.

Kelele hizo zina madhara mawili. La kwanza ni la afya. Wataalamu wa usalama kazini nchini Marekani hupendekeza kwamba sikio lisikae katika kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa nane, na kila zikiongezeka desibeli tatu muda huo upunguzwe kwa nusu: kwa desibeli 88 ni saa nne tu. Askari anayeongeza sauti ili maneno yaushinde mkwaruzo anaongeza mkwaruzo pia, na masikio hayana vipuri ghalani.

La pili ni la kazi. Binadamu akisumbuliwa na kelele saa nyingi hujitetea. Atapunguza sauti, au ataiondoa hedifoni katika sikio moja, au akili yake itajizoeza kupuuza kila kinachotoka huko. Atakuwa yupo kwenye zamu na hayupo. Ujumbe dhaifu kutoka bondeni, ule wa mtu anayeomba msaada kwa betri inayokwisha, ndio utakaopotea kwanza.

ANAYERIPOTI SI MLALAMISHI

Katika minara ya kuongozea ndege kasoro ya hedifoni au ya kitufe huandikwa kitabuni kama inavyoandikwa kasoro ya taa za njia ya kurukia. Hakuna anayechekwa kwa kusema kwamba hedifoni yake inavuma. Katika vikosi vingi desturi ni nyingine: askari anayelalamikia mkwaruzo huonekana mwororo, na mwenzake aliyevumilia huonekana shujaa. Hapo ndipo wakuu wa vikosi wanapohusika. Mkubwa anayemkaripia mtu kwa kuripoti kitufe kibovu atapata alichokitaka: hataripotiwa tena, na vitufe vitabaki vibovu.

Ukaguzi unaohitajika wakati wa kupokezana zamu hauzidi dakika mbili. Bonyeza na uachie mara tatu, uone kama kitufe kinarudi chenyewe. Pindisha waya kwenye plagi na kwenye shingo ya maikrofoni huku ukisikiliza. Mwite mwenzako, hesabu moja hadi tano, kisha mtake akutajie namba ya kwanza aliyoisikia. Akitaja moja, pumzi yako inatosha. Akitaja mbili, basi kuna silabi zinazoliwa, na ni heri zijulikane pale kituoni, kabla doria haijashika njia ya Nakivale.